Turubai la Mtani

Wivu wa mapenzi una heshima yake. Mtu akikamatwa nao watu humcheka, lakini moyoni humwelewa. Sasa wivu wa turubai mnauonaje? Gervas wa Tegeta, mtu mzima mwenye mke na binti wa sekondari, aliingiwa na wivu wa turubai, tena la buluu lenye viraka, ukamla mpaka chakula kikawa hakimpiti kooni. Watu wa mtaa wao huisimulia habari hii kwa kicheko. Mimi nacheka nao hadi mahali fulani, halafu kicheko kinanikauka.

Gervas ni Mmakua wa Masasi. Alikuja Dar akiwa kijana, akabeba mizigo sokoni, akauza maji baridi stendi, mwisho akatua kwenye uoshaji wa magari, na huko ndiko riziki yake ilikokuwa ikimsubiri. Mkono wake ulikuwa na baraka. Kiti kilichomwagikiwa chai ya maziwa mpaka kikavunda, yeye alikirudisha kikawa kinanukia vizuri kuliko mwenye gari. Taa zilizofifia kwa jua alizisugua kwa subira mpaka zikang'aa tena. Alipochoka kumtumikia mwenye banda la kuoshea, alijikusanya akanunua guta, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, akapakia pipa la maji, jenereta na mashine ya presha, akawa anawafuata wateja majumbani kwao. Biashara ikashika. Mtu aliyekaa kwenye foleni ya Barabara ya Bagamoyo wiki nzima, Jumamosi hataki kusikia habari ya foleni nyingine ya kuoshewa gari. Anataka afuatwe.

Na maji je, yakishaosha? Hayo Gervas hakuwa na habari nayo. Aliyaacha yaende yanakokujua. Sabuni, grisi, vumbi la breki, mafuta ya injini, vyote viliteremka na mteremko wa mtaa wa juu, vikaingia mtaroni, na mtaro ukavipeleka bondeni. Huko bondeni, sasa, kulikuwa na matuta ya mchicha, na mwenye matuta hayo aliitwa Anjelina, mke wa Gervas mwenyewe, wa ndoa ya kanisani.

Anjelina alikuwa amechimba kidimbwi pembeni mwa mtaro ili maji yatulie humo, kisha ayachote kwa keni na kumwagilia. Mchicha wake ulisifika. Lakini mumewe alivyozidi kupata wateja mtaa wa juu, ndivyo mchicha ulivyozidi kunyauka ncha, na wanunuzi wakaanza kuunusa kabla ya kuuchagua. Mama mmoja pale gengeni alimwambia bila kuficha, "Mama Jesca, mchicha wako una harufu ya sabuni. Nikiubandika jikoni si utanitolea povu?" Watu walicheka, Anjelina akarudi nyumbani na kapu lake likiwa limejaa.

"Baba Jesca, maji yako yanashukia kwangu," alimwambia mumewe.

"Kamaji ka sabuni ndiko kaue mchicha? Sabuni si ndiyo usafi wenyewe?" Gervas akajibu, akaendelea kula. Alijua mkewe anasema kweli. Ila kukubali kungemlazimu abadilishe kazi, na mtu wa miaka yake akishazoea njia moja, hata mbuzi humshinda kwa kugeuka.

Ndipo alipotokea Nassibu.

Huyu ni Myao wa Tunduru, na mtu wa kusini hahitaji kuelezwa Myao na Mmakua wakikutana mjini inakuwaje. Ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako ukamkaribisha chai. Anaweza kuchukua kuku wako bandani ukabaki unacheka. Kwenye msiba ndiyo usiseme: wenzako wanalia, mtani anaingia akimwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anadai faini kwa waombolezaji, na hakuna wa kumfungulia mdomo. Kukasirikia utani ni aibu kuliko utani wenyewe. Kwa hiyo Nassibu alipofika Tegeta na guta lake, neno lake la kwanza kwa Gervas lilikuwa lile ambalo Wamakua hutaniwa nalo, "Mla panya, nasikia huku umewamaliza, umebakiza wa kwenye dari." Gervas akamjibu kwamba nyie Wayao mkisikia harufu ya pilau ya maulidi mnaacha hata mgonjwa njiani. Wakacheka, wakashikana mikono. Urafiki ukaanza hapo.

Lakini Nassibu alikuja na kitu kingine, ambacho hakikuwa utani. Alikuja na turubai. Kabla ya kuosha gari alilitandaza chini, akamwambia mwenye gari apande juu yake. Kingo zake alikuwa amezinyanyua kwa mipira ya maji aliyoijaza mchanga na kuishonea ndani, ikawa kama beseni kubwa lisilo na kimo. Maji machafu yalikusanyika kwenye kona ya chini, pampu ndogo ikayavuta, yakapita kwenye pipa lenye gunia, mchanga na mkaa, yakatoka yakiwa na afadhali ya kuoshea matairi ya gari linalofuata. Ya mwisho kabisa aliyamwaga kwenye chemba ya choo ya mwenye nyumba, kwa ruhusa yake. Grisi aliikomba akaiweka kwenye dumu, akaipeleka gereji wanakokusanya mafuta machafu. Gari likiondoka, pale mahali pakavu. Ungedhani hapajafanyika kazi.

Mara ya kwanza Gervas alimcheka. "Mtani, unaosha gari au unamwogesha mtoto mchanga?" Lakini serikali ya mtaa ikaitisha mkutano juu ya uchafu wa mtaro, na mwenyekiti akamsimamisha Nassibu mbele za watu, akasema waosha magari wote waige mfano wa kijana huyu. Kijana! Nassibu alikuwa rika moja na Gervas. Wateja wa mtaa wa juu wakaanza kumpigia Nassibu. Wengine walikuwa wateja wa Gervas tangu guta lake likiwa na rangi. Aliwaona wakimpita, wakimpungia mkono kwa aibu, na kila mkono ulimchoma.

Haya yote angeyavumilia. Biashara ni biashara, leo kwako kesho kwa mwenzio. Kilichomshinda kilikuwa nyumbani.

Maana mtaa wa juu ulipopata turubai, bondeni mchicha ulifufuka. Ukawa mnene, majani mapana, na Anjelina akawa anarudi jioni kapu tupu na uso unacheka. Na kila akicheka, jina lilikuwa moja. "Mtani wako kanipitia leo kuniangalizia kidimbwi." "Mtani wako kasema nipande majani ya vetiva pale maji yanapoingia, yazuie uchafu." "Yule mtu ana akili, baba Jesca, sijapata kuona." Nassibu alimwita Anjelina shemeji, akamtania kwamba aliolewa na Mmakua kwa sababu siku ile Wayao wote walikuwa safarini. Zamani Gervas angecheka kuliko wote. Sasa alisikia neno "shemeji" akaliona lina mikono.

Akaanza kumchunguza mkewe. Mbona kitambaa cha kichwani leo kipya? Mbona anakwenda bondeni mapema? Kanga anayolimia ilikuwa ile ya zamani, iliyochakaa, lakini Gervas aliyepofushwa na wivu aliona hata kuchakaa kwake kuna namna. Siku moja alimvizia kabisa, akajificha nyuma ya ukuta wa nyumba ya mtu ambayo haijaisha kujengwa, akawaona. Nassibu alikuwa amesimama mtaroni, Anjelina kwenye matuta, katikati yao kidimbwi, na walikuwa wanazungumza kuhusu mbolea ya kuku. Gervas alirudi nyumbani amekasirika kuliko kama angewakuta wameshikana, kwa sababu kwenye mbolea ya kuku huwezi kumshika mtu ugoni.

Wakati huohuo Anjelina alipata bahati yake kubwa. Asifiwe, mpishi wa shughuli anayejulikana mpaka Bunju, alichaguliwa kupika sherehe ya kipaimara cha parokia, akaja bondeni, akakagua, akasema mchicha wote wa Jumapili utatoka kwa Anjelina. Wote. Akimridhisha siku hiyo, atakuwa anachukua kwake kwa kila shughuli. Anjelina alilala siku hiyo akiongea peke yake, anapanga. Na akasema, jamani wanawake nao, "Bila turubai la mtani wako ningeyapata wapi haya?"

Ijumaa yake, Nassibu alikuwa na Fuso ya mfanyabiashara mmoja wa mtaa wa juu, injini imeganda grisi nyeusi ya miaka. Gervas alikuwa hapohapo, amekaa juu ya guta lake kwenye kivuli cha ukuta, hana mteja. Turubai lilikwisha kutandazwa na Fuso imeshapanda. Adhana ikasikika.

"Mtani, niangalizie vyombo vyangu, nakwenda kuswali," Nassibu akasema, anavaa kofia. "Na usiniibie panya wangu."

"Nenda, Myao. Ukirudi utakuta mifupa."

Wakacheka wote wawili. Nassibu akaenda, hakugeuka nyuma. Mtu hageuki nyuma akimwachia mtani wake vitu.

Gervas alikaa kidogo. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akachomoa kisu chake kifupi cha kukatia mipira, akainama kwenye kona ya chini ya turubai, pale maji yanapokusanyika, akalipasua mpasuko wa kiganja. Akaufunika kwa mkunjo wa turubai lenyewe, akarudi kukaa, akakunja nne. Nia yake ilikuwa ndogo tu, kama nia za wivu zilivyo: turubai livuje mbele ya tajiri mwenye Fuso, mtaa uone, sifa zipungue. Hakufikiria zaidi ya hapo. Wivu huwa hauna macho ya kuona mteremko.

Nassibu alirudi, akatia kofia mfukoni, akaanza kazi. Tajiri alikuwa anamharakisha, gari linatakiwa Kimara. Akamwaga dawa kali ya kuondolea grisi, akaingiza kichwa kwenye injini, presha ikanguruma. Maji hayakuvuja mbele ya mtu yeyote. Yalipita chinichini, yakatokea upande wa ukuta, meusi, yana rangi za mafuta juu yake, yakaukuta mfereji, yakashuka kimya. Gervas peke yake ndiye aliyeyaona.

Kwanza alifurahi, tusimsingizie. Kisha macho yake yakayafuata. Mfereji, mtaro, kona ya kwa fundi seremala, bondeni. Kidimbwi. Na saa hizi za alasiri Anjelina huwa anamwagilia.

Gervas alikimbia. Hilo nalo lisemwe: alikimbia, ndala moja ikabaki njiani. Alimkuta mkewe ameinama kidimbwini, keni mkononi, anachota. Maji ya kidimbwi siku zote yana tope, na mafuta yalikuwa ndiyo kwanza yanatandaa upande wa mtaro, nyuma ya mgongo wake. Ulimi wa Gervas ulikuwa umeshalibeba neno lenyewe. Acha. Neno moja tu, hata mtoto analiweza.

Anjelina akanyanyua uso, unang'aa kwa jasho na furaha. "Afadhali umekuja, baba Jesca, uone. Hivi Asifiwe atasema nini kesho? Nimeshamwambia Nassibu Jumapili lazima aje ale, maana mchicha huu ni jasho lake na yeye."

Jasho lake na yeye. Gervas akalimeza lile neno. Akasimama. Anjelina akajaza keni, akaenda tuta la kwanza, akamwagilia, akarudi kuchota tena.

"Mbona unahema?" akamuuliza.

"Nilikuwa napita tu," Gervas akasema, akaondoka.

Jumamosi asubuhi mchicha ulikuwa umelala chini. Majani yalikuwa na madoa ya kahawia kama yamepigwa pasi, na bonde lote lilinuka gereji. Asifiwe alikuja na viroba vyake, akatazama, akasema pole mwanangu, akaenda kutafuta kabichi. Anjelina hakulia. Alikaa juu ya tuta akauliza watu nani kaosha gari jana mtaa wa juu, wakamwambia ni Nassibu. Aliporudi nyumbani akasema, "Kumbe na yeye ni walewale. Turubai la kuonyesha watu."

Mtanisamehe, lakini lazima niseme ukweli: Gervas alisikia raha. Mchicha umeungua, mkewe amevunjika moyo, na yeye moyo wake ulipepewa kama wa mtu aliyevua viatu vinavyombana. Alikula ugali wote. Akaomba aongezewe na mboga.

Mchana, kilio kikasikika njiani. "Uwiii! Uwiii jamani, ametutoka!" Watu wakatoka majumbani. Alikuwa ni Nassibu, amejifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, amebeba mikononi turubai lake limekunjwa kama maiti, na ndani yake kalaza mafungu ya mchicha ulioungua. Akaingia uwanjani kwa Gervas, akauweka mzigo chini, akajigaragaza.

"Marehemu alikuwa mpole! Hakumkosea mtu! Hakuwahi hata kupandisha bei! Leo kauawa na mla panya!"

Mtaa ukaangua kicheko. Msiba wa mchicha, na mtani wa kusini kaja kuuendesha! Nassibu akainuka, akaanza kuigiza. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akakunja nne. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akachomoa kijiti kama kisu, akanyatia turubai, akapasua hewa, akafunika kwa mkunjo, akarudi kwenye ndoo, akaanza kupiga mluzi akitazama mawinguni. Watu walishikana mabega kwa kucheka. Kwao ilikuwa utani tu, Myao anamsingizia Mmakua, kama ilivyo ada. Gervas naye akacheka, afanyeje? Ila kicheko chake kilichelewa, kikaja wenzake wakiwa wamemaliza.

Mmoja tu hakucheka. Anjelina alisimama mlangoni, hamtazami Nassibu. Anamtazama mumewe. Kisha akainama, akafunua kona ya turubai, akapitisha vidole kwenye mpasuko. Ulikuwa umenyooka. Turubai lililochakaa halipasuki hivyo.

"Faini ya matanga!" Nassibu akapaza sauti, akaiendea mashine ya presha ya Gervas, akaibeba begani. "Mtani hagombi. Ukiitaka utaifuata kwangu." Akaondoka na mashine na turubai, watu wakimshangilia.

Walipobaki wawili, Anjelina aliketi kwenye ile ndoo.

"Jana ulikuja bondeni."

"Ndiyo."

"Ulikuja kufanya nini?"

Gervas akainama, akaokota kile kijiti alichokiacha Nassibu.

"Keni nilikuwa nayo mkononi, baba Jesca. Ulinitazama nachota." Sauti yake haikupanda. "Turubai ningekusamehe. Ulinitazama nachota, ukasema unapita."

"Nassibu, kila siku Nassibu," Gervas akaropoka. "Hata kama ni wewe, Anjelina, ungekuwa mie..."

"Nilikuwa namsifia kwako ili uige. Mwanamke anayetaka kuondoka hamsifii mtu mbele ya mumewe, anakaa kimya."

Akainuka, akaingia ndani. Tangu hapo akakaa kimya. Alipika, alimwekea maji ya kuoga, alimwitikia kwa kichwa. Jumapili alikwenda kanisani mbele, Gervas akamfuata nyuma, na wale wa kipaimara walikula kabichi.

Wiki ilipoanza Gervas alikwenda kwa Nassibu kukomboa mashine. Alimkuta uani, turubai limetandazwa. Nassibu hakumtukana, hakumwita mla panya, na hilo lilimuuma kuliko tusi. Alimpa sindano ya kushonea magunia, uzi na gundi.

"Shona."

Gervas akapiga magoti, akashona. Baada ya muda akauliza, "Ulijuaje?"

"Nilimwachia mtu mmoja tu."

"Mbona hukuniumbua kwa watu?"

"Nimekuumbua mtaa mzima. Nimewaachia wacheke tu." Nassibu akaleta ndoo ya maji safi. "Ukimaliza hapo, tutalipima kama linashika. Halafu nitakuonyesha kushona lako. Mteremko ule ni mmoja."

Ndipo lango likalia, akaingia Anjelina. Alikuwa amebeba mbegu mpya za mchicha na kikapu cha mkaa uliovunjwavunjwa, wa kuweka pale maji yanapoingia kidimbwini, kama alivyofundishwa. Akamsalimia Nassibu, akamuuliza hali ya nyumbani. Akasimama juu ya turubai, akaangalia mshono, akaangalia mkono unaoshona, asiangalie uso.

"Shemeji," akamwambia Nassibu, "huyo anayeshona hapo, mwambie arudie mara mbili."

Gervas alikuwa hatua moja kutoka miguuni kwake. Alisikia kila neno, na wivu ukamrudia. Wivu wa kwanza alikuwa ameutunga mwenyewe. Huu ulikuwa wa kweli: mkewe alikuwa na la kumwambia, na alimpa Nassibu amfikishie.

"Mtani," Nassibu akasema taratibu, "shemeji anasema urudie mara mbili."

"Nimesikia," Gervas akasema, akatunga uzi upya.